Fort Jesus, Maziwe na kiwanja cha Pangani: jibu kwa mwalimu mwenye mashaka

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Tanga. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini nimewafundisha watoto kwamba Maldives itafunikwa na maji. Nimestaafu, na Maldives bado inajenga hoteli. Kwenye kundi letu la WhatsApp kijana mmoja alituma picha mbili za ngome ya Fort Jesus ya Mombasa, ya zamani na ya sasa, maji yako palepale. Mwingine akamjibu kwa Kisiwa cha Maziwe, mkabala wa Pangani, kwamba kimemezwa na bahari. Wakatukanana hadi msimamizi akafunga kundi. Sasa mwanangu anataka kununua kiwanja ufukweni upande wa Pangani, ajenge nyumba ya wageni. Je, utabiri huu wa kupanda kwa bahari una msingi, au ni vitisho vya kuombea fedha za miradi na semina?

Jibu: Shikamoo mwalimu, na pole kwa kundi kufungwa.

Nianze na picha, maana ndizo zilizoleta ugomvi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na picha zake za zamani ni nyingi. Lakini aliyepiga ile ya kwanza alipiga saa ngapi, na mwezi ulikuwa wa ngapi siku hiyo? Hakuna anayejua. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji kuambiwa: siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu inakaribia mita nne. Maji yakiwa katikati ya kujaa, saa moja huyapandisha karibu mita nzima. Sasa weka hiyo pembeni ya takwimu ya dunia. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021, linasema kati ya 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari ulipanda takriban sentimita 20. Mpiga picha akichelewa robo saa tu, amekwisha kuvuruga karne nzima. Picha mbili za ukuta wa ngome haziwezi kuthibitisha kwamba bahari imepanda, wala kwamba haijapanda. Wamarekani nao wanatumiana za Sanamu ya Uhuru ya New York, na jibu ni hilohilo.

Kinachoweza kusema kitu ni kipimo kinachokaa mahali pamoja miaka mingi. Bandari ya Zanzibar inacho tangu 1984. Muundo wa zamani wa vipimo hivi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: bomba limesimamishwa majini, na chini lina tundu dogo. Wimbi likipiga nje, maji ya ndani hayatikisiki, kwa sababu tundu ni jembamba mno. Kinachopita ni kule kupanda na kushuka kwa polepole tu. Ndani ya bomba kuna boya, na boya linavuta waya unaosogeza kalamu juu ya karatasi. Siku hizi bandari nyingi zimeweka rada inayomulika maji kutoka juu. Kuna na kazi nyingine ambayo haisifiwi na mtu: kila baada ya muda mpimaji hupita na vyombo vyake, akalinganisha kipimo na alama zilizopigiliwa kwenye mwamba au jengo imara la jirani, ahakikishe gati lenyewe halijadidimia. Gati likishuka sentimita mbili bila mtu kujua, karatasi itadai bahari imepanda sentimita mbili.

Na hapa nitakupa silaha ambayo kijana wenu hakuijua. Kwa takriban miaka ishirini ya mwanzo, kipimo cha Zanzibar kilionyesha bahari inashuka. Watafiti wa Kitanzania walichapisha jambo hilo waziwazi, hawakulificha. Mwaka 2010 timu ya Weiqing Han wa Chuo Kikuu cha Colorado ikaandika katika jarida la Nature Geoscience kwamba tangu miaka ya 1960 eneo la kusini-magharibi la Bahari ya Hindi ya kitropiki, Shelisheli na Zanzibar zikiwemo, lilikuwa limeshuka, huku Ghuba ya Bengal, Sri Lanka, Sumatra na Java zikipanda. Sababu waliyoitoa ni upepo. Mzunguko wa hewa juu ya Bahari ya Hindi ulibadilika kadiri maji yalivyopata joto, na maji yakahamishwa kutoka upande wetu kwenda upande wa wenzetu.

Ungesimama bandarini Zanzibar mwaka 2000 ungeapa kwamba utabiri wote ni uongo. Lakini mwelekeo ule haukudumu. Tangu hapo maji ya pwani yetu yamepanda, na kwa setilaiti sehemu hii ya Bahari ya Hindi sasa inakwenda sawa na wastani wa dunia, pengine kuuzidi kidogo. Kwa hiyo anayekuletea kipimo kimoja, muulize kwanza hali ya pale kilipo. Stockholm wana kumbukumbu za maji tangu 1774 na kwao bahari inashuka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa nchi yao ilielemewa na barafu nzito zama za kale na hadi leo bado inainuka baada ya mzigo kuondoka. Jakarta ni kinyume: wamenyonya maji ya visima hadi ardhi ikabonyea, na kuna mitaa iliyoshuka sentimita kumi kwa mwaka mmoja. Mpinzani atakuonyesha Stockholm, mtishaji atakuonyesha Jakarta, na kila mmoja atakuwa na grafu ya kweli mkononi.

Ndiyo maana mwaka 1992 Wamarekani na Wafaransa walirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, ambayo haisimami kwenye gati lolote. Ikafuatwa na zile za Jason, na tangu 2020 ipo Sentinel-6 Michael Freilich. Zinapiga mawimbi ya rada chini na kupima muda yanaotumia kurudi, bahari karibu yote, kila siku kumi. Tangu 1993 hadi sasa zimeona kupanda kwa takriban sentimita kumi. Mwanzoni kasi ilikuwa kama milimita mbili kwa mwaka. Sasa imevuka nne. Mwaka 2024 peke yake NASA ilihesabu milimita 5.9 badala ya 4.3 zilizotarajiwa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilitokana na maji kutanuka kwa joto.

Mwalimu wa jiografia atauliza: nani anakagua setilaiti? Swali zuri, na majibu yake ni mawili. Setilaiti za GRACE, tangu 2002, zinapima uzito wa maji na barafu kwa mvutano wake; zimeona Greenland na Antaktika zikipungukiwa na mabilioni ya tani kila mwaka, na kila tani bilioni 360 zinazoingia baharini huinua bahari milimita moja. Kisha kuna maboya ya Argo, kama 4,000 hivi, yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka na vipimo vya joto. Ukijumlisha barafu iliyoyeyuka na maji yaliyotanuka, unapata karibu kilekile ambacho rada imekiona. Njia tatu, vyombo tofauti, watu tofauti. Mtu akitaka kunishawishi kwamba bahari haipandi, itabidi anieleze zote tatu zilikosea vipi kwa kiasi kilekile.

Mwaka 2010 hadi 2011 bahari ya dunia ilishuka kama nusu sentimita, na wapinzani wakashangilia. Ilikuwa La Niña: mvua nyingi mno ilianguka nchi kavu, hasa Australia, na maji yakakwama huko kwa muda. Yaliporudi baharini, mstari ukaendelea kupanda. Na lile hoja la barafu ndani ya glasi, kwamba ikiyeyuka maji hayamwagiki, ni kweli kwa barafu inayoelea. Ile ya Greenland imekaa juu ya nchi kavu.

Basi bahari inapanda. Hilo mimi silijadili tena. Utabiri ni habari nyingine, na hapo mashaka yako yana haki kuliko watu wa semina wanavyopenda kukiri.

Chukua hiyo Maldives yako. Septemba 1988 shirika moja la habari lilisambaza taarifa kwamba visiwa vyote 1,196 vimo hatarini kufunikwa kabisa ndani ya miaka 30. Sentensi hiyo ndiyo iliyosafiri dunia nzima, na ndiyo inayorudishwa leo kama ushahidi wa uongo wa wanasayansi. Lakini taarifa ileile, mstari wa chini yake, ilimnukuu ofisa wa mazingira wa nchi hiyo akisema bahari inakadiriwa kupanda sentimita 20 hadi 30 katika miaka 20 hadi 40, na kwamba huo ungekuwa msiba kwao. Kupanda sentimita 20 na kufunikwa kabisa ni vitu viwili tofauti. Hata hizo sentimita zenyewe zilikuwa nyingi kuliko zilizotokea. Kwa hiyo makadirio yalizidi, na mwandishi akatia chumvi juu yake. Serikali ya Maldives nayo haikuona haya kuitumia hofu hiyo: Oktoba 2009 Rais Mohamed Nasheed aliongoza kikao cha baraza la mawaziri chini ya maji, wamevaa mitungi ya hewa.

Upande wa pili alikuwepo Nils-Axel Mörner, mwanajiolojia wa Sweden, aliyedai kwamba bahari pale Maldives ilikuwa imeshuka sentimita 20 hadi 30 tangu miaka ya 1970. Wataalamu wengine walipoyapitia madai yake hawakuona chochote kinachoweza kushusha maji kiasi hicho, na vipimo vya Malé na Gan, hukohuko Maldives, vinaonyesha kupanda. Bado ananukuliwa kila wiki.

Tuache magazeti, twende kwenye ripoti zenyewe. IPCC mwaka 1990 ilisema kwamba uchafuzi ukiendelea vilevile, bahari itapanda kama sentimita 6 kila muongo, ikiruhusu kati ya 3 na 10. Miaka thelathini ikapita na kilichotokea ni kama 9 au 10 kwa jumla, yaani ukingo wa chini kabisa wa makadirio yao. Walizidisha. Ripoti iliyofuata, ya katikati ya miaka ya 1990, ilishusha: karibu sentimita 8 kwa miaka thelathini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane waliirudia mwaka 2025 wakailinganisha na setilaiti, na jibu lilikuwa 9. Kwa kompyuta za wakati ule, hilo ni shabaha. Ila ukitazama ndani, walikosea barafu: waliona itachangia kidogo kuliko ilivyochangia. Kisha ripoti ya 2007 ikasema sentimita 18 hadi 59 kufikia mwisho wa karne, na ikaandika wazi kwamba haikuhesabu uwezekano wa barafu kuu kuongeza mwendo wa kuteleza kuelekea baharini, kwa kuwa sayansi yake haikuwa imeiva. Wengi walisoma tarakimu, hawakusoma maelezo yaliyo chini yake.

Kwa hiyo historia ya utabiri huu haioneshi watu wanaotia chumvi kila mara. Mara moja walizidisha, mara moja walilenga, mara moja waliacha kitu kikubwa nje ya hesabu. Makadirio ya 2021 ni haya: kufikia 2050, sentimita 15 hadi 30 juu ya wastani wa 1995 hadi 2014, iwe tunapunguza hewa ukaa au hatupunguzi, kwa sababu joto lililokwisha kuingia baharini halitoki kesho. Kufikia 2100, kuanzia sentimita 28 kama dunia itajirekebisha sana hadi takriban mita moja kama haitajirekebisha. Pembeni wameongeza kwamba karibu mita mbili haziwezi kufutwa kabisa, ingawa uwezekano ni mdogo.

Hiyo sehemu ya pembeni ndiyo ninayoitilia shaka mimi mwenyewe, na nadhani ni halali kuitilia shaka. Mwaka 2016 watafiti wa barafu DeConto na Pollard walichapisha kwamba Antaktika peke yake ingeweza kuongeza zaidi ya mita moja kufikia 2100, kwa kuporomoka kwa kuta ndefu za barafu. Magazeti yakaichukua kama ilivyo, na barafu ya Thwaites, ya hukohuko Antaktika, ikabatizwa jina la kiama. Mwaka 2021 watafiti haohao, wakiwa na vipimo bora zaidi, walitoa makadirio madogo kuliko yale. Tena, ile hali mbaya kupita zote ya uchafuzi, inayodhani dunia itachoma makaa ya mawe kwa wingi wa ajabu hadi mwisho wa karne, wataalamu wengi sasa wanaiona ni ya mbali. Ukisoma kichwa cha habari cha kutisha, angalia kama kimejengwa juu ya hali hiyo bila kukuambia. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Lakini usikimbilie kusema basi hakuna kitu. Kutojua kuhusu barafu hakugawanyiki sawa juu na chini. Ili bahari isipande sentimita 28 kufikia 2100 ingebidi kasi ambayo tayari tunaipima ipungue kuliko ilivyo leo, na sijaona sababu ya kuipunguza. Ili ipande zaidi ya mita, inatosha Thwaites ivunjike vibaya. Mashaka ya kweli yanakunyima usingizi kwa upande wa juu.

Sasa Maziwe, na hapa mtetezi wa bahari kwenye kundi lenu naye anakosea. Kisiwa kile mkabala wa Pangani kilikuwa na mivinje na kasa waliotaga mayai. Miti iliisha, mawimbi yakala, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Semina ngapi zimekionyesha kama kisiwa kilichomezwa na mabadiliko ya tabianchi! Lakini miaka ile bahari ya dunia ilikuwa inapanda chini ya milimita mbili kwa mwaka, yaani chini ya sentimita mbili kwa muongo, na kwa uchambuzi uleule wa 2010 upande wetu ulikuwa ukishuka. Maelezo yanayoniingia akilini ni ya kawaida zaidi: miti iliyoshika mchanga ilikatwa, na fungu lisilo na mizizi halina ubavu mbele ya kusi. Kunduchi, Dar es Salaam, ni hadithi ya namna hiyohiyo. Hoteli zilipoteza ardhi mita kwa mita huku watu wakichimba mchanga kwenye mito inayoshusha mchanga huo ufukweni. Kila hoteli ilipojenga kingo zake za mawe, ya jirani ikakosa mchanga.

Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, inatoa somo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 2018 Paul Kench na wenzake walilinganisha picha za angani za visiwa vyake 101, kutoka 1971 hadi 2014. Bahari pale ilipanda karibu milimita 4 kwa mwaka, kasi kubwa kuliko ya dunia, na bado jumla ya ardhi iliongezeka asilimia 2.9. Mawimbi yanavunja matumbawe na kuyarusha juu ya kisiwa, kisiwa kinakua. Wapinzani wanaupenda sana utafiti huu, na hawajaudanganya. Wanachokiruka ni kwamba kisiwa kinaweza kuongezeka ukubwa huku kisima chake kikiingia chumvi, na watu hawanywi hekta.

Kuhusu fedha za miradi: ndiyo, mwalimu, kila ufukwe unaoliwa siku hizi huandikwa tabianchi kwenye andiko la mradi, maana huko ndiko fedha ziliko. Nimeyasoma maandiko hayo. Matokeo yake ni ukuta wa zege mahali ambapo palitakiwa kukatazwa kuchimba mchanga. Hata hivyo boya la Zanzibar halilipwi posho, na lilianza kuandika kabla hizo fedha hazijakuwepo.

Mwanao basi. Kama anataka nyumba ya wageni irudishe fedha zake ndani ya miaka 20, ubishi wote wa Antaktika haumhusu. Katika muda huo bahari itapanda kama sentimita 10, labda zaidi kidogo, na ubishi juu ya hizo ni mdogo. Zinaonekana chache, ila zinakaa juu ya bamvua: maji ambayo zamani yalifika kwenye ua mara moja katika miaka mingi yataanza kufika mara kwa mara. Kama anajenga ya wajukuu, ahesabu mita moja.

Kabla ya hapo kuna mambo yaliyo karibu zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wauzaji wengi huuza hapohapo. Aulize wavuvi, asiulize dalali, ufukwe ulikuwa wapi walipokuwa watoto. Aangalie kama mto wa jirani unachimbwa mchanga, na kama jirani upande unaotoka mchanga amejenga ukuta. Aonje maji ya kisima, mwishoni mwa kiangazi. Na aende kukiona kiwanja maji yakiwa yamejaa, siku ya mwezi mpevu au mwandamo, mwezi wa tatu au wa tisa, ndipo bamvua huwa kubwa kuliko zote za mwaka. Muuzaji aking'ang'ania kumpeleka wiki ya maji mafu, amwambie atasubiri.